Kiraka cha Ngazini

Nyumbani, 3 Machi

Binti yetu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimejaribu kukupigia simu lakini huko bwawani kwenu naambulia upepo tu, kwa hiyo nimeona niandike. Najua hujazoea kupata barua yangu. Tangu niolewe na baba yako tumeonana kwa nadra, na tukionana ni salamu na chai, basi.

Nina jambo moja nalo ni dogo. Zulia la ngazi. Lile jekundu alilolinunua marehemu mama yako limefika mwisho. Katikati, pale kila mguu unapokanyaga, manyoya yamekwisha na nyuzi za chini zimetokeza kama mbavu. Kwenye ukingo wa kidato cha juu kabisa limechanika, na ulimi wake umeinuka.

Nimekwenda kwa muuza mazulia. Mtu wa maneno mengi, lakini kazi yake anaijua. Akaniambia, “Mama, ngazi si sebule. Sebuleni watu wanakaa. Ngazini wanakanyaga, tena palepale kila siku.” Alinikataza manyoya marefu, maana yanalala mapema na mguu unateleza. Yale ya vitanzi nayo alinikataza, yanakamata ndala. Akachukua kipande akakikunja kwa nyuma: ukiona kitambaa cha chini kati ya manyoya, achana nalo, halijabana. La sufu ni zuri ila bei yake uitajiwe ukiwa umekaa. La polista ni rahisi lakini litachakaa utarudi dukani. Anasema nailoni fupi iliyobana, na sponji ngumu chini yake, ndiyo yenye faida kwa mtu wa kawaida.

Nilimweleza baba yako. Akasema, “Mwulize Kinanda kwanza. Lile ni la mama yake.” Ndiyo maana nakuuliza.

Wako,
Fundi
(ndivyo baba yako anavyoniita, kwa sababu ya cherehani)


Bwawani, 15 Machi

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua nimeipata.

Mapazia ya sebuleni yalibadilishwa, nikanyamaza. Kabati la vyombo likahamia ukuta wa pili, nikanyamaza. Nilipokuja mara ya mwisho nilifungua droo ya vijiko nikakuta betri na vifungo. Nikanyamaza pia, nikakoroga chai kwa mpini wa uma. Sasa tumefika ngazini.

Lile zulia mama alilitamani miaka mingi kabla hajalipata. Siku lilipofika walilitandika wenyewe, yeye na baba, wamepiga magoti, baba ana misumari mdomoni anaongea kama bubu na mama anacheka. Ukingo wote aliushona kwa mkono. Wala hakuhitaji muuza duka kumfundisha kipi kimebana na kipi hakijabana; ndiyo maana limedumu mpaka leo. Nikirudi nyumbani, nikilikanyaga lile ndipo najua nimefika.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Wewe ni mshonaji. Palipochanika, pashone.

Baba mwambie nimemkumbuka. Barua yake ya mwisho mistari ilikuwa inapandiana kama abiria. Aache kuniandikia huku anasikiliza mpira.

Mimi,
Binti wa mume wako


Nyumbani, 28 Machi

Kinanda wangu,

Hujambo? Usicheke mwandiko, peni hii inatapika wino inapotaka yenyewe.

Kwanza habari: kibanda changu cha kutengeneza saa nimekifunga. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu. Anayesimama kibandani kwangu anauliza njia ya kwenda stendi. Nimeona nipumzike kabla sijageuka kuwa ofisi ya maelezo. Usisikitike. Nimezungukwa na mishale ya saa maisha yangu yote, sasa acha nikae bila kujua ni saa ngapi.

Fundi hajui kama nakuandikia. Nimeketi nje uani, yeye yuko ndani anapima sijui nini kwa futi yake. Alinisomea barua yako. Hakuruka hata neno, na hata pale pa uma aliposoma alicheka, halafu akaenda kutoa zile betri kwenye droo. Usimkalie vibaya, mwanangu. Hana nia ya kumfuta mama yako. Ile picha ya mama yako ukutani ni yeye anayeipangusa. Mimi nilikuwa naisahau mpaka buibui akajenga.

Kuhusu zulia, mimi sina neno. Likitoka sawa, likibaki sawa. Miguu yangu inaijua nyumba hii kuliko mimi mwenyewe. Msigombane kwa ajili ya kitu cha kukanyaga.

Kula vizuri. Huko milimani najua ni baridi, vaa soksi.

Baba yako,
Mzee Saa


Nyumbani, 10 Aprili

Binti yetu,

Nimeshona. Palipochanika nimeweka kiraka cha rangi inayokaribia, nikatumia uzi ule mnene wa mabegi. Kwa macho yangu kimetulia, ingawa zulia lenyewe limechoka na sindano ilikuwa haina pa kushika. Ni kama kushona ukungu.

Nisamehe nikirudia jambo hili kwa mara ya mwisho. Muuza mazulia amebakiwa na kipande cha mwisho wa roli, nailoni iliyobana, na kwa kuwa ni mabaki atanipunguzia sana. Kinatosha ngazi nzima. Ameniwekea. Zulia la mama yako tungelikunja vizuri tukalihifadhi, tusingelitupa. Nawaza usalama tu. Baba yako siku hizi anashuka akipapasa ukuta. Ni mambo ya umri.

Nikikosea kusema, nirekebishe.

Fundi


Bwawani, 22 Aprili

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ahsante kwa kiraka. Nimefurahi kweli, na naomba radhi kama barua yangu ya kwanza ilikuwa na pilipili. Huku tunakaa wachache, kazi yetu kupima maji kutwa, na mtu ukikosa wa kugombana naye unagombana kwa posta.

La mabaki mwambie muuza duka aliuze kwa mwingine. Baba anashika ukuta tangu mimi niko shule ya msingi, ni mkono wake uliochafua ile rangi pale kwenye kona. Zulia libaki.

Msalimie. Mwambie soksi ninavaa.

Binti yenu


Nyumbani, 9 Mei

Mwanangu,

Soma ukiwa umeketi. Baba yako ameanguka. Yu hai na anaongea, amewachekesha hata wauguzi, lakini nyonga imevunjika.

Alikuwa anatoka asubuhi kwenda kununua mkate. Hapo nje ya geti, kwenye jiwe la mtaro, alikosa hatua. Jirani yetu fundi friji ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Daktari amemfanyia upasuaji na anasema umetoka vizuri.

Amekataza usije. Maneno yake haya: “Akija na mvua hizi, ile barabara ya milimani itanipa kilio kingine juu ya hiki.” Subiri likizo yako. Nipo naye kutwa, na cherehani nimeifunika.

Fundi


Bwawani, 16 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua imenikuta barabara imekatika, hakuna gari linaloshuka. Nimeomba ruhusa, wamesema mpaka maji yapungue, maana sisi ndio tunaotazama kina. Kwa hiyo nimekaa hapa natazama kina cha maji na baba yangu kavunjika.

Lakini nikuambie kitu. Niliposoma neno “ameanguka”, kabla sijafika mstari wa chini, moyo ulikwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Nilipoona ni mtaro, nilikaa chini nikalia kwa kushukuru. Afadhali haikuwa ngazini. Ingekuwa ngazini, nisingejisamehe mpaka naingia kaburini.

Sasa nimepata akili. Ng'oa zulia lile. Nunua jipya, zuri kuliko yote, la kudumu, usiulize bei, pesa natuma. Baba akirudi akute ngazi imemngoja. Mama angenielewa. Kama hangeelewa, nitamweleza mwenyewe siku tukionana.

Mwambie baba nampenda. Usimwambie nimelia.

Binti yenu


Nyumbani, 5 Juni

Mwanangu,

Zulia limetandikwa. Nilipomwambia muuza mazulia umesema nisiulize bei, alinivuta moja kwa moja kwenye sufu. Nikakumbuka ni nani anayetoa pesa, nikachukua nailoni fupi, ya kijivu yenye vidoadoa, isiyotangaza vumbi kwa wageni. Nimekunja kipande mwenyewe, kimebana kweli, chini yake huoni kitu. Sponji yake ngumu, haibonyei. Fundi wa kutandika amelizungusha kila ukingo, hakuna pa kukamata kidole, na urefu wa ziada ameukunja kule juu. Anasema miaka ikipita mnalisogeza kidogo, pale palipokanyagwa sana panahama, zulia linaanza maisha upya. La mama yako nimelikung'uta, nimelikunja, liko salama.

Baba yako amerudi. Kitanda tumemwekea sebuleni kwa sasa. Siku ya kwanza aliomba tumsogeze mpaka ngazini kwa kiti cha magurudumu. Akainama, akapitisha kiganja kwenye kidato cha chini, akakipapasa kwenda na kurudi. “Limebana kama nywele za askari,” akasema. “Kinanda ana macho ya mama yake.” Akabaki hapo kwa muda mrefu, mkono umelala pale.

Ana lalamiko moja tu. Zamani nikishuka alinisikia, mbao zilikuwa zinalia. Sasa anashtukia nimesimama mbele yake. “Fundi, siku hizi unashuka kama mwizi.” Kwa hiyo nikiwa ngazini naimba. Sauti yangu unaijua, majirani wanateseka.

Kifua kinamsumbua kidogo. Daktari amempa dawa. Usihangaike.

Fundi


Bwawani, 19 Julai

Kwa Mama Mdogo,

Niliondoka siku ya pili baada ya mazishi ya baba bila kukuaga. Umeshangaa, au labda hukushangaa.

Nilipotoka nje na begi nilimkuta fundi friji getini. Akanishika mkono, machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Akasema, “Pole, binti. Mimi ndiye niliyeitwa siku ile nikamkuta. Kichwa chini, miguu bado iko juu ya vidato. Ndala moja ilibaki kule juu, imekamatwa kwenye kile kiraka.” Alidhani najua.

Nikamwuliza, “Si alianguka mtaroni?” Akasema ni ngazini, na kwamba baba alikuwa haoni. Kwamba kibanda hakukifunga kwa kukosa wateja. Yeye mwenyewe alimpelekea saa yake, akarudishiwa haina mshale wa dakika, akalipa akanyamaza kwa heshima.

Mtaa mzima ulijua, Mama Mdogo. Fundi friji alijua. Muuza mkate alijua. Asiyejua ni mwanawe. Nilikaa huku namtania kuhusu mwandiko wake.

Na mimi nilikuandikia kwa mkono wangu, “Afadhali haikuwa ngazini.” Ulisoma. Ulikunja karatasi ukaniacha niendelee kushukuru. Niliagiza zulia zuri kwa furaha, kama mtu anayenunua zawadi.

Niambie kwa nini. Usinipambie.

Binti yake


Nyumbani, 30 Julai

Mwanangu,

Sitapamba.

Macho yake yalianza kufifia muda mrefu uliopita. Alinibana nisikuambie. “Kinanda akijua ataacha kazi aje kuniongoza chooni. Sitaki.” Nilikubali, kwa sababu ni mume wangu na kwa sababu aliniomba akiwa ameniangalia upande, si usoni, akidhani ananitazama. Nikabaki na njia moja, zulia. Nilijua ukikubali, yatapona mengi. Lakini niliomba dawa bila kutaja ugonjwa. Kwako nilionekana mke mpya anayetaka vitu vipya, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo.

Kiraka nilikishona mimi. Uzi ulikuwa mnene mno, ukingo ukaacha kinundu. Nilikiona. Nilipitisha kidole juu yake nikasema kesho nitakifumua nikibane upya. Kesho yake zikaja sare za shule za kushona kwa haraka, nikasahau, halafu nikazoea kukiruka.

Siku ile asubuhi aliniita kutoka juu. “Fundi, njoo unishushe.” Mguu wangu uko kwenye cherehani. Nikamjibu, “Subiri nimalize mshono huu.” Hakusubiri. Mshono wenyewe ulikuwa wa mfuko wa suruali.

Mtaro ni yeye aliyeusema, tukiwa bado kwenye gari, anaumwa vile. “Mwambie mtaro.” Nami nikaandika mtaro. Barua yako ilipokuja nilifurahi kwamba nilidanganya. Ulikuwa peke yako huko, barabara imekatika. Mzigo nilikuwa nao tayari, sikuona sababu ya kukutumia nusu yake.

Kwa hiyo usijibebeshe. Wewe ulikataa zulia bila kujua. Mimi nilijua yote, nikaona na kinundu. Ni yangu hii, yote.

Nyumba ni ya baba na mama yako, kwa hiyo ni yako. Mwisho wa mwezi ujao nahamia kwa dada yangu, kwake hakuna ngazi. Funguo nitamwachia fundi friji. Zulia lipigwe brashi laini, lisimwagiwe maji mengi. Muuza mazulia anasema litadumu kuliko sisi. Sijui litakanyagwa na nani. Mimi tangu tumzike sijapanda juu. Nguo zangu alinishushia jirani.

Fundi


Bwawani, 14 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kupima maji, nikakosea vipimo, nikarudi kuisoma tena.

Usichukue fungu langu. Ndilo ninalokuomba kwanza. Ulitaja kila kosa lako mpaka lile la mfuko wa suruali, ukaniachia mimi maneno mawili, “bila kujua”. Lakini uliniandikia kwamba anapapasa ukuta. Nilisoma. Nilikuwa na jibu tayari kabla sijafika mwisho wa sentensi, kwa sababu nilikuwa nagombana na wewe, sikuwa namfikiria yeye. Hilo ni langu. Niachie nilibebe mwenyewe.

Sijui kama nimekusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe, ikifika saa sita mchana nimekasirika upya. Wewe nawe usinisamehe haraka, tafadhali, nitaona unanihurumia.

Lakini usihame. Nimefikiria sana nani mwingine duniani nitamwuliza alikuwa anasema nini asubuhi. Alipokuwa hospitali aliwachekesha wauguzi kwa maneno gani? Uliniandikia kwamba aliwachekesha, hukuniandikia walicheka nini. Katika siku zake za mwisho, ipi ilikuwa ya furaha, ipi ya maumivu? Mimi nilifika nikakuta sanda. Yote yaliyobaki ya baba yangu yako kwako, na ukienda kwa dada yako utakwenda nayo.

Nikuambie nami langu. Siku ile ya mazishi watu walipoondoka nililala kwenye kochi, karibu na mkeka wako. Nikawasikia shangazi zangu wanasifu, “Ona anavyomlinda mke wa baba yake.” Sikuwa nakulinda. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda mpaka chini ya ngazi na begi langu, nikaliona lile zulia la kijivu, safi, halina hata alama ya mguu wake, nikashindwa kuinua wangu. Nikarudi nikasema nimechoka.

Kumbe nawe hujapanda.

Likizo imekubaliwa. Nakuja Ijumaa ya kwanza ya Septemba. Chumba cha baba kule juu kitakuwa kimejaa vumbi, na madirisha yale yanakwama, yanataka watu wawili. Sitaki fundi friji anipe funguo getini. Nataka nikibisha hodi, aitike mtu.

Kinanda